Mtoto Hana Malalamiko

FUNDI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MAMA USTAWI: Haloo. Unanisikia?

FUNDI: Kwa mbali. Nani?

MAMA USTAWI: Mimi hapa, shemeji. Mdogo wa mkeo.

FUNDI: Aaa, Mama Ustawi! Mbona namba ngeni? Habari za tangu asubuhi?

MAMA USTAWI: Za tangu asubuhi ziko kwenye simu yangu. Nimekupigia mpaka chaji imekwisha. Hukupokea.

FUNDI: Vikao, shem. Kikao juu ya kikao. Simu naiona inawaka tu pale mezani —

MAMA USTAWI: Kumbe uliiona.

FUNDI: [anacheka kidogo] Haya, umenikamata. Wazima lakini?

MAMA USTAWI: Niko wodi ya watoto. Simu hii ni ya mama wa usafi wa hapa, kaniazima, na salio lake dogo. Kwa hiyo tusizungushane.

FUNDI: Wodi ya watoto? Nani anaumwa? Wanangu —

MAMA USTAWI: Wanao wazima, wako shule. Ni yule msichana niliyewasimulia siku ile nimekuja kula kwenu. Ambaye mwalimu wake aliniletea habari zake ofisini.

FUNDI: Ah, shem, wewe kila ukija unasimulia watoto.

MAMA USTAWI: Anayelelewa na mjomba wake. Nyumba ya geti la rimoti. Dada akakuambia uweke kijiko chini usikilize.

FUNDI: Huyo.

MAMA USTAWI: Huyo.

FUNDI: Kafanya nini tena?

MAMA USTAWI: Kafanya nini yeye? Mtoto wa darasa la pili afanye nini? Kafanywa. Jana usiku kamwaga maziwa, basi. Mke wa mjomba kamshika mikono yote miwili, kambandika viganja kwenye koili la jiko la umeme. Likiwa linawaka.

FUNDI: Mungu wangu.

MAMA USTAWI: Ukimfungua kiganja unaona yale maduara, moja ndani ya jingine. Kama mtu kagongwa muhuri. Na harufu, shemeji... imenigandia kwenye mtandio. Nimeuvua, nimeutia kwenye mfuko, nimeufunga fundo, na bado naisikia.

FUNDI: Pole. Pole sana kwa kweli. Lakini atapona?

MAMA USTAWI: Daktari anasema vidole vya mkono wa kulia huenda visikunjuke tena sawasawa. Na ndio huo anaoandikia.

FUNDI: Aisee. Watu wengine ni wanyama.

MAMA USTAWI: Ngoja, usiwahi kutukana watu. Lile jiko unalijua?

FUNDI: Nilijue wapi, shem? Hata kwao sijawahi kufika.

MAMA USTAWI: Mfumo wenu unalijua. Si nyinyi ndio mliotuletea zile tableti? Tukaitwa semina, tukapewa soda na kofia, tukaambiwa afisa ustawi wa kisasa haamui kwa hisia, anajaza majibu, mashine inaamua?

FUNDI: Inashauri. Haiamui, ina —

MAMA USTAWI: Inaamua! Ikitoka nyekundu, napewa gari na askari, mtoto anatoka kwenye nyumba siku hiyo hiyo. Manjano, narudi tena kumwangalia. Kijani, jalada linafungwa, na nikitaka kurudi hata nauli sipewi. Nani anayeamua hapo? Mimi?

FUNDI: Sawa, endelea. Mtandao unakwaruza, sema kwa sauti.

MAMA USTAWI: Kuna swali linauliza: kaya ina jiko salama na la kisasa? Nikaingia jikoni, nikaliona, linameta. Nikabonyeza ndiyo. Likawapa pointi. Jiko lile lile, shemeji. Lile lile limewapa pointi za kumlea mtoto.

FUNDI: [kimya]

MAMA USTAWI: Haloo?

FUNDI: Nipo. Nakusikia. Sasa shem, hayo ni maswali tu, tuliyapokea kutoka juu, sisi ni mafundi. Mtu akikuletea kitambaa unashona —

MAMA USTAWI: Siku ile ilitoka rangi gani?

FUNDI: Nitajuaje mimi?

MAMA USTAWI: Ilitoka kijani. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lao, mwalimu pembeni yangu, maana ndiye aliyenipeleka. Ilipotoka kijani mwalimu ndiye aliyeropoka, “Kijani vipi, na michubuko umeiona?” Mke wa mjomba akatabasamu, akatuuliza tunakunywa nini.

FUNDI: Sawa...

MAMA USTAWI: Nikampigia Mkuu wangu wa ustawi palepale. Nikamwambia mashine imekosea, naomba ruhusa niibadilishe kwa mkono. Akasema, “Mama Ustawi, hisia zako zimeshatugharimu sana mwaka huu. Kijani ni kijani.”

FUNDI: Huyo naye ana kichwa kigumu, anajulikana.

MAMA USTAWI: Haya. Leo daktari kaniambia nimwonyeshe nilivyoikuta ile nyumba, maana askari yuko njiani na kila mtu ataandika maelezo yake. Nikafungua tableti. Unajua nimekuta nini?

FUNDI: Haloo? Haloo? Unakatika, shem, hebu —

MAMA USTAWI: Sikatiki.

FUNDI: Nasikia kwa vipande —

MAMA USTAWI: Basi sikia kipande hiki. Nimekuta manjano.

FUNDI: Manjano?

MAMA USTAWI: Manjano. Tarehe ya siku ile ile. Jina langu mimi. Na chini yake: “Afisa alitakiwa kurudi haraka. Afisa hakurudi.” Kwa hiyo mashine ilionya, Mkuu hana kosa, kampuni haina kosa, mzembe ni mmoja tu. Jumba bovu lote limeniangukia mimi.

FUNDI: Huenda siku ile uliona vibaya. Zile skrini juani —

MAMA USTAWI: Nilikuwa ndani ya nyumba, shemeji. Penye pazia mpaka chini.

FUNDI: Au kuna... Usiku wa kuamkia leo lilipita sasisho. Mfumo unajisahihisha, unapitia majalada ya nyuma, mengine yanabadilika rangi. Ni kawaida kabisa, ni mambo ya kitaalamu, nikianza kukueleza —

MAMA USTAWI: Nieleze. Mimi ndiye niliyekusimamia ulipomuoa dada, nikawaambia wazee huyu kijana hana maneno mengi lakini hasemi uongo. Nieleze.

FUNDI: Shem, usifike huko.

MAMA USTAWI: Hilo sasisho limebadilisha rangi majalada mangapi?

FUNDI: Siwezi kusema hivi hivi, inabidi nifungue kwenye —

MAMA USTAWI: Mangapi?

FUNDI: Shem —

MAMA USTAWI: Salio la watu linakwisha!

FUNDI: Moja.

MAMA USTAWI: Moja.

FUNDI: Ndiyo.

MAMA USTAWI: Nchi nzima, watoto wote wale, sasisho likapita, likamchagua huyu mmoja.

FUNDI: Mkuu wenu alinipigia. Kabla hakujapambazuka. Alisema kuna marekebisho madogo, bosi wangu ameshakubali. Mimi ni mtu wa kutumwa, shem. Wewe unajua hapa kazini nilivyo, nikitikisika tu —

MAMA USTAWI: Kabla hakujapambazuka?

FUNDI: Ndiyo.

MAMA USTAWI: Mimi nimeambiwa na mwalimu, asubuhi, alipomwona mtoto mstarini na viganja vile. Kwa hiyo Mkuu, bila shaka kwa mdomo wa mjomba, alijua kwamba mtoto kaunguzwa, na simu ya kwanza aliyopiga ni kwako. Si hospitali. Si polisi. Kwa fundi wa kompyuta, apake rangi.

FUNDI: Sikujua kama ni kuunguzwa. Sikuuliza. Nilifikiri ni mambo ya ukaguzi tu, kama kawaida.

MAMA USTAWI: Kama kawaida? Kwani mmeshapaka wangapi?

FUNDI: Nimeteleza ulimi —

MAMA USTAWI: Umm. [anavuta pumzi] Ngoja. Ngoja nisogee dirishani.

FUNDI: Pole, shem. Kaa chini. Kunywa maji.

MAMA USTAWI: Usinipe pole. Nisikusikie ukinipa pole.

FUNDI: Basi.

MAMA USTAWI: ...Haya. Nijibu hili. Hiyo manjano ni yenu ya usiku. Kijani ya siku ile je, ilitokea wapi? Maana mimi nilijaza vyote. Michubuko, ndiyo. Mwalimu ana wasiwasi, ndiyo. Mtoto anashtuka akiguswa, ndiyo. Ilitokaje kijani?

FUNDI: Nyumba yao ilibeba pointi nyingi. Marumaru, maji ya bomba, kitanda chake mwenyewe. Na pia... Kwenye mahojiano ya mtoto ulijaza nini?

MAMA USTAWI: Nini cha kujaza? Hakusema kitu. Nilikaa naye chumbani kwake, mlango tumeurudishia. Nikamuuliza taratibu, nikamchorea, nikamchekesha. Macho kwenye kitasa tu. Nikabonyeza “hakusema chochote.”

FUNDI: Ndiyo hiyo.

MAMA USTAWI: Ndiyo hiyo nini?

FUNDI: “Hakusema chochote.” Kule ndani inasomeka... inahesabika kama hana malalamiko.

MAMA USTAWI: Sema tena, mtandao umekoroma.

FUNDI: Umesikia, shem.

MAMA USTAWI: Nataka uiseme wewe.

FUNDI: Mtoto akinyamaza, mfumo unachukulia kwamba hana malalamiko. Inavuta chini hatari yote. Hata kama juu kuna michubuko.

MAMA USTAWI: Nani aliyeweka hivyo?

FUNDI: Mwanzoni palikuwa wazi. Mfumo ulikuwa ukikuta jibu lile unakwama, haujui ufanye nini. Siku ya kuonyesha kwa wageni wakubwa ukakwama mbele ya watu, bosi wangu jasho linamtoka. Akaniambia nitie kitu chochote pale, uende mbele. Nikatia. Ilikuwa ya muda tu.

MAMA USTAWI: Na huo muda uliisha lini?

FUNDI: Haujaisha.

MAMA USTAWI: Shemeji. Wewe una binti. Akiogopa anafanyaje?

FUNDI: Mwache binti yangu.

MAMA USTAWI: Anafanyaje?

FUNDI: ...Ananyamaza.

MAMA USTAWI: Ananyamaza! Kila mtoto duniani akiogopa ananyamaza! Hili halihitaji semina! Mama wa usafi hapa analijua, kondakta wa basi analijua, wewe mwenyewe unalijua ukiwa nyumbani kwako, ila ukifika ofisini ukaketi kwenye kile kiti cha kuzunguka —

FUNDI: Punguza sauti, uko wodini.

MAMA USTAWI: Sijali.

FUNDI: Sikiliza, nakuomba kitu kimoja. Hili tulimalize sisi. Nitaongea na Mkuu, tutafute lugha nzuri, wewe usiguswe, tuseme mtandao ulikuwa mbovu ndiyo maana hukupata ujumbe wa kurudi. Mashine ilionya, ujumbe haukufika. Hapo hakuna anayeumia.

MAMA USTAWI: Hakuna anayeumia.

FUNDI: Namaanisha kazini —

MAMA USTAWI: Nimekuelewa sana ulichomaanisha.

FUNDI: Na tafadhali, dada yako asijue kwanza. Unajua alivyo, akishika jambo haliachi. Nitamwambia mwenyewe jioni, taratibu.

MAMA USTAWI: Kwani leo dada yuko zamu wapi?

FUNDI: Si yuko wodi ya wazazi? Wiki hii —

MAMA USTAWI: Alihamishwa juzi. Hata hilo hukusikia, macho kwenye kompyuta. Yuko hapa, wodi ya watoto. Yeye ndiye aliyempokea yule mtoto. Yeye ndiye aliyemsafisha viganja, mimi namshika miguu. Na hata pale hakulia, ujue. Alikuwa anaangalia mlango.

FUNDI: Umemwambia?

MAMA USTAWI: Sijamwambia neno. Tableti nilikuwa nimeiacha kitandani, ikawaka, akaiona ile nembo yenu. Akaniuliza, “Hii si ya kazini kwa mume wangu?” Nikasema ndiyo. Akanawa mikono. Akanawa tena. Akatoka nje. Nilimwomba simu yake nikupigie, akasema leo hataki sauti yako itoke kwenye simu yake.

FUNDI: Kasema hivyo?

MAMA USTAWI: Kama nilivyokuambia.

FUNDI: Kwa hasira au —

MAMA USTAWI: Kwa upole. Ungetaka iwe kwa hasira.

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Haloo?

MAMA USTAWI: Nipo.

FUNDI: Unataka nifanye nini, shem? Niambie. Nirudishe kijani? Narudisha sasa hivi.

MAMA USTAWI: Usishike kitu cha huyu mtoto! Mmeshamshika vya kutosha. Askari akija nitamwambia nilichokiona kwa macho yangu, na mwalimu atasema alichokiona. Hilo la alfajiri utalisema wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea na sitakusitiri.

FUNDI: Nitafukuzwa.

MAMA USTAWI: Ndiyo.

FUNDI: Unasema “ndiyo” kirahisi hivyo?

MAMA USTAWI: Ulitaka nibembeleze? Sikukupigia kwa sababu ya kazi yako wala kazi yangu. Nimekupigia kwa sababu nimesimama hapa koridoni nikajiuliza swali, na wa kunijibu ni wewe tu. Wengine je?

FUNDI: Wengine gani?

MAMA USTAWI: Walionyamaza.

FUNDI: Shem...

MAMA USTAWI: Mimi sikuwa afisa peke yangu. Tuko wengi, tumezunguka nyumba nyingi, na kila mahali kuna mtoto aliyeangalia mlango. Wote hao wamefungiwa jalada. Wako wangapi?

FUNDI: Wengi.

MAMA USTAWI: Unaweza kuwaona?

FUNDI: Naweza. Lakini nikifungua sasa hivi, mfumo unaandika ni nani aliyefungua. Mkuu ataona, bosi ataona. Sitafika hata jioni.

MAMA USTAWI: Kwa hiyo alfajiri kufungua kumpaka mmoja rangi, uliweza. Mchana kufungua ili wengine wasiunguzwe, vidole vimekufa ganzi.

FUNDI: Si hivyo...

MAMA USTAWI: Ni vipi?

FUNDI: [kiti kinaburutwa, hatua zinasikika]

MAMA USTAWI: Mtu kaingia hapo?

FUNDI: Hapana. Nafunga mlango. Ngoja... Ngoja, iko polepole.

MAMA USTAWI: Ofisi yenyewe ya mfumo, mfumo uko polepole!

FUNDI: Acha utani, shem. ...Haya. Imefunguka.

MAMA USTAWI: Anza na wa eneo letu. Walio jirani.

FUNDI: Wa juu kabisa ni mvulana. Mdogo, hajaanza shule. Nyumba iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Aliyeripoti ni jirani.

MAMA USTAWI: Aliripoti nini?

FUNDI: Anasema... “Mtoto anafungiwa stoo mchana kutwa, namsikia anagonga mlango.”

MAMA USTAWI: Anagonga. Halii?

FUNDI: Imeandikwa anagonga.

MAMA USTAWI: Na afisa alikwenda?

FUNDI: Alikwenda. Mtoto “hakusema chochote.” Kijani. Limefungwa.

MAMA USTAWI: Afisa hakuandika maoni yake? Chini kabisa kuna sehemu ya maoni.

FUNDI: Maoni hayahesabiwi, shem. Hakuna anayeyasoma.

MAMA USTAWI: Yasome wewe.

FUNDI: Kaandika...

MAMA USTAWI: Haloo? Kaandika nini?

FUNDI: Ngoja...

MAMA USTAWI: Shemeji!

FUNDI: “Mtoto ni kiziwi. Hazungumzi. Naomba aje mtu anayejua lugha ya alama.”

MAMA USTAWI: Na mfumo ukasema hana malalamiko.

FUNDI: Ndiyo.

MAMA USTAWI: Tangu lini? Usiniambie. Usiniambie tarehe, nitalia, na sina nafasi ya kulia. Gari la kampuni unalo?

FUNDI: Liko hapa nje.

MAMA USTAWI: Lilete.

FUNDI: Sasa hivi?

MAMA USTAWI: Mtoto yuko stoo sasa hivi! Askari huyu hapa anaingia, nitampa maelezo, kisha nitamwomba twende naye. Akikataa tunakwenda mimi na wewe na jirani.

FUNDI: Bila kibali cha Mkuu?

MAMA USTAWI: Mkuu apige simu alfajiri, kama alivyozoea. Njoo na hiyo kompyuta, ikiwa wazi hivyo hivyo, na askari aione.

FUNDI: Wakishaniona natoka nayo getini, sirudi tena hapa.

MAMA USTAWI: Sauti hiyo ya salio inalia. Unakuja au huji?

FUNDI: ...Nakuja. Nakuja, shem. Nivae viatu tu. Niingilie geti gani?

MAMA USTAWI: La nyuma, la kuingizia wagonjwa. Na ukipita koridoni, dada amekaa kwenye benchi. Usimsemeshe.

FUNDI: Nimsalimie tu —

MAMA USTAWI: Usimsalimie. Na mimi ukifika usinisalimie. Piga honi, fungua mlango, tuondo— [simu inakatika]